Ule Mwaka Tulikuwa Tunaonjea Kaporali

Juma iliyopita tulizika jirani yetu Maman Riziki, na kesho yake asubui Koko Bisimwa, babu yangu, alikataa kumeza kinini yake ya tansiyo, ile presha ya damu. Aliikala ku barza, ku ile kiti ya plastiki yenye haina tena mugongo, kinini mu mukono moja, kikombe ya maji mu mukono ingine, macho ku mulango ya parseli sawa mutu anangojea gari. Bandugu bengi balikuwa nyumbani juu ya kilio, benye kutoka Uvira, benye kutoka Goma, bote bamesoma kunipita. Mumoja kati yao, Neema, iko infirmiere, muuguzi wa lopitali. Yeye njo alianza kumuelezea Koko mambo ya damu na mishipa, mu Kifaransa ya lopitali. Koko alimusikiliza muzuri, akaitika na kichwa, na alipomaliza akamuuliza: "Sawa, mama. Lakini nani ataonja?" Neema akaniangalia. Bote bakaniangalia. Mu ile nyumba, kitu ikikosa maana, ni mimi Sifa banaulizaka. Iyo njo diplome yangu. Shangazi mumoja akasema polepole kama iyo ni mambo ya Kaporali, na mutoto ya Neema akauliza kama Kaporali ni soda wa jeshi. Nikamujibu: hapana, ni mbwa. Bakacheka. Koko yeye hakucheka.

Njo nikaanza kubasimulia, na nyinyi pia niwaambie. Nani alizaa nani, na juu ya nini mimi nilikomea kwa bakoko bangu mu Kadutu, hapa Bukavu, ile nitairuka. Ni ndefu, na batu bake bangali bazima na banajua kusoma. Chukueni tu kama nilikuwa na miaka kumi na kenda, masomo nilishaachia ku shule ya primere, na kazi yangu ilikuwa kupika, kufua na kujibu batu vibaya. Koko aliishaka kuacha kuendesha kamyo ya Uvira. Bibi yake tulikuwa tunamuita Maman Nabintu, bote, ata bajukuu, juu alisema neno "koko" inazeesha. Nyumba ilikuwa na saloni moja, na kanape na biti byake bamefunika na bitambaa byeupe bya kushona na mukono, na televisheni yenye ilivaa kitambaa yake pia, na hatukuwa tunaivulisha kila siku. Jikoni, na mbabula yake ya makala, ilikuwa inje, nyuma. Na vile Kadutu iko mulima tu, bati ya nyumba ya Maman Riziki, jirani ya chini, ilifika tu ku miguu yetu. Tukitupa maji, anaisikia. Akikaranga sambaza, bale basamaki badogo, sisi tunaanza kumeza mate. Alikuwa anauzisha makala, alikuwa na sauti ya kuuzisha makala, na mambo yetu yote alikuwa anaijua mbele yetu, juu ilikuwa inapita ku bati yake. Tulikuwa tunachangia kinu moja ya kutwangia sombe, majani ya muhogo: leo iko kwake, kesho iko kwetu. Ile kinu muiweke mu kichwa.

Kaporali alifika mu ile nyumba mbele yangu, njo maana alikuwa ananiangaliaka kama mugeni. Koko alimupataka Sange, ku njia ya Uvira, ku safari moja. Alisimamisha kamyo, akakula muchomo, akatupa mufupa, na alipofika Bukavu akakuta mwenye mufupa iko amelala juu ya bifuko bya muchele. Alikuwa mbwa ya rangi ya kahawia, sikio moja ilipasuka, na ku muguu ya mbele alikuwa na mistari mibili myeupe sawa cheo ya soda. Koko alisema huyu haiko soda ya chini, ni kaporali. Kazi yake ilikuwa kulinda. Alikuwa anabweka padiri, anabweka mutu mwenye kuleta maji, anabweka mwezi. Mwizi alipoiba sufuria yetu, Kaporali alimusindikiza mupaka ku barabara. Lakini Koko alimupenda. Asubui Koko akiamuka, neno ya kwanza haikuwa kwa bibi, ilikuwa kwa mbwa, na Maman Nabintu alikuwa anasema kama angejua vile, naye angekuya na mistari ku mukono.

Ule mwaka Kaporali alianza kukohoa. Kwanza sawa mutu anataka kusema kitu mu mukutano. Kisha tumbo ikaanza kuvimba na mbavu zikaanza kuonekana, bintu bibili kwa mara moja, na mu Bukavu mukiona mutu anakonda na tumbo inavimba, hakuna mwenye kuuliza munganga. Banasema ni karuho. Karuho ni ile sumu ya polepole: unakunywa leo kwa rafiki, unaugua mwaka muzima, lopitali haioni kitu. Kwa mutu, tulizoea. Kwa mbwa, ilikuwa mara ya kwanza, lakini quartier, ule mutaa wetu, haiogopi kitu mupya. Na mwenye kosa alikuwa karibu: Kaporali alishaka kukula kitoto ya kuku ya Maman Riziki, na Maman Riziki alisimama mu njia, mbele ya batu, akasema iyi mbwa siku moja itaona. Sasa ilikuwa inaona. Koko hakutafuta mbali. Alisema ku barza, na sauti ya mutu mwenye kuzoea kusemea juu ya mashini, kama kuna batu banauzisha makala muchana na bintu bingine magaribi.

Alisahau bati. Maman Riziki alipanda kwetu, mikono myeusi, kitenge imefungwa vizuri ku kiuno, hakukalia. Alisema: "Papa Bisimwa, mimi nimupotezee mbwa sumu? Kama ningekuwa nayo ningeanzia kwa mwenye mbwa." Kisha akazunguka nyuma, akabeba kinu, ile yetu sote, ku bega, peke yake, akashuka nayo. Tangu ile siku hakutusalimia tena. Na mimi, juu ya mbwa ya mutu, nilianza kubeba sombe mupaka kwa mashine ya kusagia, kule ku soko, kuvumilia foleni.

Koko sasa akaweka sheria. Munajua kwetu vile tunafanyaka: mutu akikukaribisha kinywaji, anaifungua mbele ya macho yako, anaonja yeye kwanza, kisha njo anakupatia. Asipoonja, ata ikuwe juisi ya ndizi ya mama yako, unasema asante, nimeshiba. Koko alisema kuanzia leo hakuna kitu kitaingia mu kinywa ya Kaporali mbele mutu hajaonja. Nilizani ni mawazo ya hasira, itapita. Haikupita. Kila magaribi nilikuwa ninachuchumaa mbele ya sahani ya mbwa, ninachukua kijiko, ninakula bugali yake na kichwa ya samaki, ninameza, na Kaporali ameikala mbele yangu anaangalia koo yangu. Mwanzo hakuelewa. Kisha alielewa kupita lazima. Alianza kukataa. Ukiweka sahani na kuenda, anaikala tu pembeni yake na uso ya mugeni wa heshima, mupaka mutu arudie kuonja. Siku moja padiri alipita kutusalimia, na Kaporali, sahani yake mbele, akamuangalia koo. Padiri akauliza anataka nini. Maman Nabintu akasema anataka baraka, na akanisukuma mu jikoni na kiwiko mbele sijafungua kinywa.

Tukaenda Nyantende, kwa muzee mumoja mwenye kupima karuho. Niwaambie vile anapimaka: anakupa dawa ya majani, unakunywa, ukitapika, sumu imetoka na umepona, usipotapika, haukukuwa na sumu. Tulipanda pikipiki mbili, Koko na Maman Nabintu mbele, mimi nyuma na Kaporali ku mugongo, nimemufunga na kitenge sawa mutoto, kichwa yake ku bega yangu, anapumua mu sikio. Mwenye pikipiki aliendesha kidogo, akaangalia mu kioo yake, akaniuliza kama mutoto anafanana na baba. Nikamwambia bote banasema vile.

Ule muzee wa Nyantende alikuwa na shati safi na mbuzi bengi. Hakupimaka mbwa, lakini alisema sumu ni sumu. Alileta dawa mu kikombe, ya rangi ya maji ya kuoshea viatu, akaiweka chini mbele ya Kaporali. Kaporali akaiangalia. Kisha akamuangalia Koko ku koo. Koko ni mutu wa sheria yake. Alibeba kikombe, akaonja, na kama vile hakuzoeaka kuonja kidogo, alikunywa nusu. Hakukuwa wakati ya kusema kitu. Alishikilia muti wa ndizi, akatapika chakula ya asubui, akatapika ya jana, na nafikiri alitapika na kitu kimoja alikula Sange wakati angali anaendesha. Muzee akapiga mikono: imetoka, karuho imetoka. Maman Nabintu akauliza imetoka kwa nani. "Kwa bwana yako," akajibu. "Nani anamupikiaka?"

Maman Nabintu alivua kiatu kimoja, akakishika, akamuangalia muzee, kisha akamuangalia Koko mwenye angali anakumbatia ndizi, akashindwa kuchagua. Mwisho akasema kwa Koko: "Miaka yote iyi ninakuwekea sumu na ungali unanenepa. Basi mimi ni mujinga sana." Kaporali, yeye, alishasimama zamani. Alienda kuikala pembeni ya pikipiki, tayari kwa kurudia.

Njo vile maneno ya karuho iliisha mu nyumba yetu. Lakini kinu haikurudia, juu Koko alisema yeye hawezi kushuka kuomba musamaha kwa mutu mwenye alitamka kumuuwa mbele ya bibi yake. Maman Nabintu aliita veterinere, munganga wa banyama, kijana mumoja wa upande ya Mudaka, mwenye kuzoea ngombe, alikuya na viatu za mupira mupaka ku magoti na akaziacha ku mulango. Alimupima Kaporali ku kitambaa ya kanape, mu saloni, na Maman Nabintu hakusema kitu, kwa hiyo nilielewa kama mambo ni makali. Alisikiliza kifua. Alibonyeza tumbo. Alisema moyo imechoka, imekuwa kubwa, haisukume damu vizuri, njo maana maji inabakia mu tumbo na kikohozi haiishe. "Haitapona," akasema. "Lakini ikimeza binini kila siku, bila kuruka, na ikikula bila chumvi, inaweza kuishi muzuri kwa wakati fulani."

Maman Nabintu akaanza kucheka. Polepole, mikono ku tumbo. Juu maneno ile yote, moja kwa moja, munganga alishaka kumuambia Koko juu ya tansiyo yake: haitapona, kinini kila siku, bila chumvi. Na Koko kila asubui alikuwa anachukua kinini, anasema asante, anaenda nayo saloni. "Sifa," Maman Nabintu akaniita, angali anamuangalia bwana yake, "inua kile kiti cha kanape." Nikainua. Chini yake kulikuwa binini, byeupe, bingi, bingine bishapata bumbi, pamoja na kifungo ya shati na biskuti nusu. Koko aliangalia sawa bote. Kisha akasema ni panya.

Shida ilianza kesho. Nilificha kipande ya kinini ya Kaporali mu nyama, nikaonja nyama pembeni, nikaweka. Kaporali akakula nyama, akatemea kinini ku muguu yangu, akaniangalia koo. Alijua ni nini haijaonjwa. Tulijaribu mu samaki, mu bugali, mu muviringo ya siagi. Anatema. Koko akasema lazima mutu aimeze mbele yake. Mimi nikasema moyo yangu ni mudogo na inanitosha. Veterinere alishaka kutukataza: mutu muzima asimeze dawa ya moyo ya bure. Kwa hiyo tulibakia pale ku barza, mimi, Maman Nabintu, na Kaporali, tukifikiri nani mu nyumba iyi munganga alimuandikia kumeza kinini kila asubui. Tulimuangalia tu. Ata mbwa.

Koko alimeza kinini yake ya tansiyo. Alifunga macho sawa mutoto, akakunywa maji, na Kaporali akafuata koo yake na macho kutoka juu mupaka chini. Haikutosha. Akasimama, akaweka miguu ku magoti ya Koko, akanusa kinywa. Koko akaifungua, akatoa ulimi, akainua ulimi, akaonyesha chini. Ni pale tu Kaporali aliteremuka, akachukua kipande yake ku mukono yangu, na akaimeza bila nyama, bila kitu, sawa mutu anasaini. Na kuanzia pale ilikuwa vile kila asubui. Ukitaka mbwa aishi, Koko anameza. Koko akijaribu kuficha kinini ku shavu, mbwa anakohoa na haimezi. Maman Nabintu alisema alipiganaka na ule mwanaume miaka yote, na mwenye kumushinda amekuya na mukia.

Chumvi pia iliondoka. Nilikuwa na sufuria moja ya rejime, chakula ya bila chumvi, ya babili, na hakuna siku nilisikia maneno mabaya juu ya upishi wangu sawa ile mwaka. Nikiwa jikoni, nilikuwa namusikia Koko ku barza, anaongea na mwenzake: "Kula. Sambaza alipita tu kuoga mu iyi maji, lakini kula." Kisha: "Nakumbuka chumvi ya Sange, weye. Ile muchomo. Na weye ulikula mufupa, ulikuwa na mwaka muzuri." Kaporali alikuwa anamusikiliza mupaka mwisho. Quartier yote ilikuwa inasema mbwa ya Bisimwa iko ku rejime, mu inchi yenye batu banafungaka bila kupenda. Bamaman ba shirika, bale ba kusali nyumba kwa nyumba, balisikia tu kama kwa Bisimwa kuna mugonjwa mwenye kuvimba. Bakakuya jioni moja na sabuni na sukari, bakapiga magoti mu saloni, bakaanza rozari, na ku Salamu Maria ya tatu mumoja akafungua macho na kuona mugonjwa iko amelala ku mukeka, mukia inje ya blanketi. Balikwisha kuanza. Kumi ya rozari haikatwi mu kati. Bakamaliza yote, na sauti ikishuka kidogo. Sabuni baliacha. Sukari mumoja aliirudisha mu kikapo, akasema kwa mbwa haiko muzuri.

Nacheka, lakini munajua nini nilikuwa naona? Koko alianza kupanda Kadutu bila kusimama ku kila nyumba ya mutu anajua. Miguu yake, yenye ilikuwa inavimba ikijaza viatu, ilirudia miguu. Ku lopitali munganga alimupima mara mbili, akafikiri mashine imeharibika, na akamupongeza Maman Nabintu. Akamujibu asante ataifikisha kwa mwenyewe. Na kila moja wetu alijua vile inasimama: siku Kaporali haimezi, Koko haimezi. Tulikuwa tunalinda moyo ya mbwa sawa yai, juu ingine ilikuwa inaning'inia ku ile.

Kiangazi ilifika, na bumbi yake, na kikohozi ikarudia. Veterinere akaongeza dawa. Kisha akakuya tena, na hakuongeza kitu, akaikala tu kidogo na sisi. Kaporali hakuweza tena kupanda ngazi ya barza. Koko alikuwa anamubeba, ule muzee mwenye zamani bibi alikuwa anamubebea mufuko. Asubui moja jua haijafika ku barza, Koko akaimeza yake, akatoa ulimi, akainua. Kaporali aliangalia koo mupaka chini. Nikamunyooshea kipande yake. Akainusa, akaiacha. Koko akachukua maji tena, akameza maji tu, akafungua kinywa karibu na pua yake. "Angalia vizuri, Kaporali," akasema. "Imeshaingia. Angalia." Kaporali alimulamba ku kidevu mara moja, kisha akaweka kichwa ku muguu yake, ku kiatu. Jua ilipofika ku barza, ilimukuta vile, na Koko hakusogeza muguu mupaka muchana.

Tulimuzika nyuma ya jikoni. Koko alivaa koti yake ya dereva. Bijana ba quartier balileta kuni ya kilio kwa kucheka, bakawasha moto, na kisha bakabakia, juu moto ikiwaka batu banaikala. Balisimulia vile aliwabweka, mumoja mumoja. Chini, ku bati ya Maman Riziki, hakukutoka sauti. Ata ya kukaranga.

Kesho yake Koko alichukua kinini, akasema asante, na akaenda nayo saloni. Nikasikia kanape inalia. Maman Nabintu alimugombeza, akamubembeleza, akamuletea padiri. Koko alikuwa anajibu bila hasira, sawa mutu mwenye kupata pansio ya uzee: ile kazi iliisha. Miguu ikaanza kujaza viatu. Asubui alikuwa anashika kichwa na mikono mibili na kuuliza nani alizima taa, wakati kulikuwa kweupe. Nilijaribu kuonja mimi, na maji tu. Akanitazama na huruma. "Weye hauna ugonjwa," akaniambia. "Mwenye kuonja lazima naye iko na kitu ya kupoteza." Ile siku nilimusikia Maman Nabintu jikoni, alikuwa anapepea mbabula yenye ilishawaka, na alikuwa anamuambia mbabula kama ataniacha, uyu muzee ataniacha juu ya mbwa, na nitasema nini kwa batu. Alisema kwa nguvu. Alisahau bati, naye.

Asubui yenye ilifuata, mulango ya parseli ilifunguka bila kupiga hodi. Ni Maman Riziki, mikono imenawa, kitenge ya kanisa. Alipita mbele yangu, akasimama ku barza mbele ya Koko, akatoa mu kitenge karatasi ya binini. Koko alitaka kusimama, muguu ikakataa.

"Papa Bisimwa," akasema, "mulisema mimi ninawekeaka batu sumu. Sasa nimekuya kuonja."

Akatoa kinini, akaiinua ili aione, akaiweka ku ulimi, akameza bila maji. Kumbe tansiyo alikuwa nayo pia, tangu miaka, na hatukujua, sisi benye hatuishi chini ya miguu ya mutu. Akainama, akafungua kinywa, akatoa ulimi, akainua. Koko aliangalia muda mrefu, kwa utaratibu.

"Kaporali alikuwa ananusa pia," akasema.

"Mimi sitanuswa na bwana ya mutu."

Mu jikoni kitu kilianguka, ilikuwa Maman Nabintu anacheka. Koko alinyoosha mukono bila kuniangalia, na nilikimbia mu saloni, nikainua kanape, nikaleta moja yenye haikuwa na bumbi. Alimeza. Akataka kuishia pale, lakini Maman Riziki hakusogea. "Ulimi," akasema. Na Koko Bisimwa, mwenye kuendesha ile njia ya Uvira wakati njia ilikuwa shimo moja ndefu, alitoa ulimi mbele ya muuza makala. Magaribi ya ile siku kinu ilipanda. Ilikuya ku bega ya Maman Riziki, na Koko alisimama ku mulango, akaipokea na mikono mibili, akasema tu: "Maman, tulikukosea." Akajibu sombe yetu ya mashine ilikuwa inamuumiza pua mwaka muzima.

Kila asubui kisha pale, miaka yote. Mvua ikinyesha na njia ikiteleza, hakupanda. Alikuwa anapiga kelele chini ya bati kama ameshameza, Koko anamuambia aonyeshe, naye anamujibu ashuke aone. Bageni balikuwa banafikiri banagombana. Mupaka juma iliyopita.

Nilipomaliza kusimulia, mutoto ya Neema alikuwa ameacha simu yake. Koko alikuwa angali na kinini mu mukono, ilianza kulowa. Nikaona ni zamu yangu. Nikachukua bonbon, pipi nyekundu, mu mufuko yangu, nikaigeuza ili aone ni ya mviringo, nikaimeza na uso ya mugonjwa. Koko akaniomba ulimi. Nikaitoa. "Nyekundu," akasema. "Kaporali alikuwa mwizi ya bitoto bya kuku, lakini uongo hakukuwa nayo." Neema akatoa mashine yake ya kupima tansiyo, akasema atatupima bote, kati yetu hatutakosa mwenye tansiyo. Alianza na mimi: muzuri kabisa, kwa bahati mubaya. Akapima shangazi, akapima bajomba ba Uvira. Maman Nabintu akasema maharagi inaungua, na akasimama. Maharagi haikukuwa ku moto. Neema alimushika mukono pale ku mulango ya jikoni, akafunga mashine, ikalia, akaangalia, akaifunga mara ya pili. Tansiyo yake ilikuwa kupita ya Koko.

Mimi niliingia jikoni. Miaka yote iyi ninapika pale, na kuna kopo moja ya unga ya muhogo yenye Maman Nabintu alikuwa ananikataza kugusa, alisema ni ya sikukuu. Nikaifungua. Unga ilikuwa juu tu, nyembamba. Chini ilikuwa binini, byeupe, na karatasi zake, zingine za zamani. Nikaileta ku barza, nikaiweka mbele ya bote. Maman Nabintu aliangalia kopo, akainua kidevu.

"Ni panya," akasema.

Koko alianza kucheka mupaka alikohoa. Kisha akakokota kiti yake ya plastiki, akaikala mbele ya bibi yake, magoti ku magoti, akangojea. Maman Nabintu alichagua kinini moja, akaipangusa unga ku kitenge, akameza, na macho ya Koko ikafuata koo yake kutoka juu mupaka chini. Akafungua kinywa. Akatoa ulimi, akainua. Koko akainama, akanusa, polepole, kisha akarudi nyuma na kuchukua kikombe yake.